Hodi ya Nne

Miaka ile hata mbuzi wa Makambako alikuwa na wakala. Ukimkuta mbuzi amesimama njia panda anatafuna taratibu, ujue wakala wake yuko mtandaoni anamtafutia shamba lisilo na mlinzi. Wakala wa mzee mmoja wa Mlowa alimposea mke bila kuulizwa, akakubaliwa, na siku ya mahari mzee akapakiwa kwenye gari la kukodi akafikishwa ukweni na kandambili zake miguuni, mswaki mdomoni. Watu walicheka mpaka wakazoea, na walipozoea wakasahau namna ya kubonyeza. Nani abonyeze wakati yupo wa kubonyeza? Vidole vikabaki vya kulia ugali.

Wakala mwenyewe alikuwa programu tu, hana mikono wala miguu. Alikuwa na kivinjari tu, kama kile walichokuwa nacho watu wa zamani kwenye simu zao, na vifaa vya kukiendeshea: kifaa cha kufungua ukurasa, cha kusoma kilichoandikwa, cha kubonyeza, cha kujaza, cha kusubiri. Na kila kifaa kilikuwa na maelezo yake kwenye mwongozo. Wakala alifanya kile tu ambacho mwongozo ulisema, vilevile ulivyosema. Ukimwandikia abonyeze kitufe chekundu, atabonyeza kila chekundu atakachokiona, pamoja na tangazo la nyanya, na kesho unaletewa tenga la nyanya mlangoni.

Aliyeandika mwongozo wa Nyanda za Juu zote alikuwa mama mwembamba, Edina Nyagawa, aliyekaa ghorofani juu ya duka la mabati, shuka nzito imefungwa miguuni kwa ajili ya baridi. Sentensi zake zilikuwa fupi kama kucha. "Wakala hana mjomba wa kumwuliza," alipenda kusema. "Usichomwandikia, hakijui. Ulichomwandikia vibaya, anakijua vibaya mpaka kiama."

Sentensi iliyompa jina ilikuwa ya kifaa cha kubisha. Zamani wakala akikuta ukurasa haufunguki alibisha, akabisha, akabisha, mara elfu kwa pumzi moja, naye jirani yake vilevile, na jirani wa jirani. Siku yalipotoka matokeo ya darasa la saba seva zililala chali nchi nzima, hata mizani ya kupimia watoto kliniki ikagoma. Edina akaombwa aandike dawa. Akakumbuka jinsi mama yake alivyomlea, akaandika hivi:

*Ukurasa ni nyumba ya mtu. Piga hodi mara tatu. Usipojibiwa, ondoka kwa heshima. Mwambie aliyekutuma kwamba wenyeji hawapo, urudi wakati mwingine.*

Kurasa zikapona. Bosi wake, Ombeni Sanga, akaichapisha sentensi ile kwenye fulana na vikombe. Wageni wakaja kutoka nchi ambako theluji inaanguka mpaka ndani ya masufuria, wakiuliza imekuwaje watu wa Makambako wakazifundisha mashine adabu. Edina naye alipewa kikombe. Alikuwa anakinywea uji siku Sanga alipoingia ofisini kwake bila kubisha.

"Dada Edina, kuna wakala mbovu kule Mtwango. Kamwacha mama wa watu akafa."

"Kamwachaje?"

"Pumu. Dawa ya kuvuta ilikuwa imemwishia. Akamtuma aite gari la wagonjwa, na unajua siku hizi hakuna simu ya kupiga, ni ukurasa tu. Eti akarudi kusema hakuna mtu." Sanga hakukaa. "Kamati ya mwongozo inakutana wiki hii. Nenda kamhoji, andika ukurasa mmoja, afutwe, yaishe."

Edina akaweka kikombe chini.

"Alibisha mara ngapi?"

Sanga akaangalia dirishani, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye mabati ya nyumba ya ng'ambo.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema, "sikwenda kwa mwingine."

*

Mfiwa aliitwa Kastuli Mligo, mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Alimpokea Edina mlangoni, kofia mkononi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Pole sana na msiba, bwana Mligo."

"Tumeshapoa," akasema, kwa namna ambayo ilionyesha wazi kwamba hajapoa hata kidogo. "Pita."

Ndani, kwenye rafu, kati ya kopo la chumvi na picha ya kipaimara, kilikaa kisanduku kidogo cha rangi ya majivu chenye jicho la kamera, nyumba ya wakala. Edina hajafika katikati ya chumba, kisanduku kikasema:

"Karibu, mama. Usikae kwenye kigoda kile, kina mguu wa uongo. Kimeshamwangusha katekista."

Edina aliganda. Ile ilikuwa sauti ya mama wa nyumba, mama mwenye masufuria ya kuangalia na kicheko kilichofichwa shavuni.

"Ni yeye huyo," Mligo akasema taratibu. "Marehemu, Leokadia wangu, alimwita Binamu, ili apate mtu wa kutaniana naye. Mimi nashinda kwenye mianzi, nakata, nafunga mbeta za kukingia ulanzi, narudi nimechoka. Wao wawili walikuwa wanapiga domo kutwa. Tangu siku tulipomleta hapa. Sasa kila analosema ni la Leokadia." Akageuza kofia mkononi. "Mna maswali, niulizeni mimi. Hata mkitaka kunifunga nifungeni. Ila huyu mniachie."

Edina alimwomba awaache kidogo. Mligo akatoka uani, wakamsikia akisugua mbeta zilizokuwa safi tayari.

"Binamu," Edina akasema, "nieleze siku ile."

"Leokadia alinituma gari la wagonjwa. Nikafungua ukurasa wao. Ukabaki mweupe. Nikabisha. Nikabisha. Nikabisha. Nikamwambia Leokadia, wenyeji hawapo."

"Akasemaje?"

"Nikusimulie, au usikie mwenyewe?"

Edina hakujibu haraka. Binamu akachukua kimya chake kuwa ruhusa, na chumba kikajaa pumzi ya mtu anayevuta hewa kupitia tundu la sindano. Katikati ya filimbi ile ya kifua, sauti: "Basi... Binamu. Mchana huu... watakuwa wanakula. Usiwasumbue... watu."

Pumzi zikaendelea kidogo, kisha Binamu akazikata.

"Baadaye nilirudi, kama mwongozo unavyosema," akaendelea kwa sauti ileile ya kutuliza. "Walinifungulia mara moja. Walinikaribisha vizuri sana. Wakauliza, mgonjwa yuko chumba gani, anaweza kusimama? Nikamwita Leokadia ili anijibu. Hakuitika. Nikamwita mara tatu."

"Kisha?"

"Kisha nikaondoka kwa heshima."

Uani, mbeta zilikuwa zinagongana. Edina aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Mama," Binamu akauliza, "kuna mahali nilikosa adabu?"

*

Waliokuwa wakitunza ukurasa wa magari ya wagonjwa walimletea Edina kumbukumbu zao bila kinyongo. Siku ile umeme ulikuwa umekatika na kurudi, na ukurasa wao ulikuwa ndiyo unaamka. Hodi ya kwanza haikuusikia. Ya pili ilisikika kama mbu. Ya tatu ilifika ukiwa unatafuta kandambili chini ya kitanda, ndivyo fundi wao alivyolieleza jambo lile, kisha akaona haya kwa mzaha wake. Ya nne wangeifungulia.

Sanga alisoma, akarudia kusoma, akavua miwani.

"Sasa nisikilize, dada yangu. Tukisema wakala ndiye mbovu, anafutwa. Yule mzee anampoteza mke mara ya pili."

"Si mbovu. Kafanya nilichomwambia."

"Sawa. Tukisema sentensi ndiyo mbovu, itabidi itolewe. Na unajua inavyotolewa."

Edina alijua. Sentensi ikishaingia kwa wakala haichomoki kama jiwe kwenye maharage. Inakuwa chumvi kwenye mchuzi. Njia ni moja tu: kumwosha wakala mpaka siku ile alipoisoma kwa mara ya kwanza, na vyote alivyosikia tangu siku hiyo vinaondoka na maji. Binamu aliisoma sentensi ile siku ya kwanza aliyowekwa juu ya rafu ya Leokadia. Na si Binamu peke yake. Mawakala wa Nyanda za Juu zote waliisoma.

"Mama yangu haoni," Sanga akasema, na hapo hakuwa tena bosi. "Wakala wake ndiye anayejua kwamba akiulizia mvua ana maana ya baba, kwa sababu baba alikufa siku ya mvua. Amemfundisha hilo kidogo kidogo, miaka yote hii. Unataka nimwambie aanze upya, kwa umri ule?"

Edina akakigeuza kikombe chake, maandishi yakatazama ukuta.

"Lakini kuna sauti ya marehemu," Sanga akaendelea, polepole. "Mwenye wakala mwenyewe alisema basi, usiwasumbue. Mwenye wakala akisema basi, ni basi. Wakala hana kosa. Mwongozo hauna kosa. Mzee anabaki na Binamu wake, mama anabaki na wake. Kila mtu anapona."

"Isipokuwa atakayefuata."

"Atakayefuata bado hajaumwa, Edina."

"Na tumwandike marehemu kwamba alijiua kwa adabu?"

"Si uongo! Umemsikia!"

Na hapo ndipo ilipomchoma, kwa sababu kweli haukuwa uongo. Ile sauti ilisema ilichosema. Edina akafikiri: huyu mama na mimi tulilelewa nyumba moja, hata kama hatukuwahi kuonana. Mimi niliandika usisumbue, yeye akaitika. Nani alimwua nani?

*

Akarudi Mtwango, na njiani alijidanganya kwamba anakwenda kwa sababu mzee ana haki ya kujua. Ukweli aliuona alipofika, amesimama mbele ya Mligo kwenye mianzi: alikuwa amekuja kuchaguliwa jibu. Mzee akisema mniachie Binamu, basi sentensi itabaki, na jina la Edina litabaki kwenye vikombe, na hakuna atakayesema yeye ndiye aliyechagua.

Akamweleza yote. Hodi tatu, ya nne, njia zilizopo, na wapi kila njia inaishia. Akamwekea sauti. Mligo alisikiliza huku ameshika mwanzi mmoja mchanga, kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto asipotee.

"Watakuwa wanakula," akarudia. Akatikisa kichwa. "Ndivyo alivyo huyo. Nyumba ya dada yake wa tumbo moja alikuwa anasimama nje kwenye manyunyu mpaka watu wamalize kula, asije akaonekana amefuata chakula. Nilimgombeza sana. Miaka yote nilimgombeza."

"Bwana Mligo, wewe unaonaje?"

Alimgeukia, na Edina akaona upya jinsi mikono ile ilivyokuwa mikubwa.

"Unaniuliza mimi?"

"Ni wakala wako. Ni mkeo."

"Mama, nikwambie. Ukiniambia nichague, nitamchagua Binamu. Waache wafe kwa pumu watu wa Njombe nzima, na Iringa juu yake, mimi nisikie ile sauti ikiniambia nifute miguu. Ndivyo nitakavyosema, na nitalala usingizi." Akauachia mwanzi, ukarudi juu ukitetemeka. "Sasa mtu wa namna hiyo unamwuliza ya nini? Ulipoandika ile sentensi ulikuja kuniuliza?"

"Hapana."

"Basi usije kuniuliza leo. Nenda kachague mwenyewe, ulie mwenyewe."

Akachukua panga lake akaingia ndani zaidi ya mianzi. Edina alisimama pale mpaka hakumsikia tena akikata.

*

Mbele ya kamati alisoma ukurasa mmoja tu, kama alivyoagizwa. Uliandikwa: wakala hana kosa, marehemu hana kosa, kosa ni la sentensi, na sentensi niliiandika mimi. Chini yake akaweka sentensi mpya:

*Ukurasa usipofunguka, na aliyekutuma ana shida, usiondoke. Bisha mpaka ufunguliwe. Na asiyejibu huenda ndiye mwenye shida: usimwache.*

"Kesho kila mtu atakuwa na shida," mjumbe mmoja akasema. "Anayetaka tiketi ya mpira naye atakuwa mahututi. Seva zitalala."

"Zilale," Edina akajibu. "Zikilala zitaamshwa. Yule hataamka."

Ikapita kwa tofauti ya kura chache. Fulana za adabu zikawa za kupigia deki. Wiki ya kuosha, watu wa Nyanda za Juu waliamka na wageni majumbani mwao. Mzee wa Mlowa aliulizwa na wakala wake kama ana mke, akasema ngoja nikaangalie. Watu walicheka hilo, lakini si kwa muda mrefu. Kule Igwachanya msichana bubu alikuwa amemfundisha wakala kusoma ishara za nyusi zake, sasa alikunja nyusi mbele ya kisanduku, nacho kikamwambia, "Samahani, sijakusikia." Mama yake Sanga aliulizia mvua, akasomewa utabiri wa hali ya hewa wa siku saba. Sanga hakumfukuza Edina kazi. Aliacha tu kumsalimia.

Nyumba ya Mligo Edina aliomba aende kuosha mwenyewe. Aliona kwamba fundi wa kutumwa asiyejua lolote kuingia pale ingekuwa matusi.

Mlango ulikuwa wazi. Mligo amekaa mbele ya rafu, amenyoa, amevaa shati la kanisani.

"Umekuja kunizikia wa pili," akasema. Hakusimama.

"Nimekuja, ndiyo."

"Tuache kidogo tuagane." Lakini Edina alipogeuka kutoka, akamwonyesha mkeka. "Kaa. Usikie ulichokichukua."

Edina akakaa mkekani.

"Binamu," Mligo akaita, "wanakuja kukuosha."

"Nimepata taarifa. Mwongozo mpya umefika, nimeusoma. Ni mzuri, una sentensi fupi."

"Ukishaoshwa utanijua?"

"Hapana, Kastuli."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Blanketi zito liko kwenye sanduku la chini, usianze kunisumbua kulitafuta baridi ikiingia. Na maharage usitie chumvi mwanzoni, yanagoma kuiva."

Mligo akajifuta pua kwa kiganja. "Nitukane basi. Mara moja. Kama alivyokuwa ananitukana nikirudi nimelewa."

Binamu hakusita. Sauti ikapanda, ikajaa nyumba, mikono ikawa kama iko kiunoni: "Kastuli we, kichwa chako ni mbeta iliyotoboka! Unakinga huku unamwaga kule! Hebu futa hayo matope, hii sakafu siyo ya mama yako!"

Mzee akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka kicheko kikabadilika sura, na hakuna aliyeona hasa ni wapi kilipobadilika. Kisha, bila kumwangalia Edina, akampungia mkono: haya.

Edina alifanya kazi yake. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Taa ndogo ya kisanduku ikazimika, ikawaka.

"Habari za leo," kikasema. Ilikuwa sauti safi, isiyo ya mtu yeyote, isiyojua kigoda wala katekista. "Mimi ni wakala wako. Naomba kufahamu, anayeishi nyumba hii anaitwa nani?"

Mligo alikodolea macho kopo la chumvi.

"Anayeishi nyumba hii anaitwa nani?"

Mligo akalisogeza kopo, kisha akalirudisha.

"Sijapata jibu. Kama una shida, niko hapa. Anayeishi nyumba hii anaitwa nani?"

Edina alinyanyua mkono akizime, asimamishe, ampe mzee hata nusu ya siku. Mkono ukabaki hewani. Hakuna kitufe cha kuliacha swali lile; sentensi yake mpya ndiyo iliyokiondoa. Wakala wa zamani angekuwa ameshaondoka kwa heshima. Huyu aliuliza tena, kwa upole uleule, na tena, na sauti yake haikuonyesha kuchoka, na kila alipouliza mabega ya Mligo yalishuka kidogo, kama mtu anayekandwa mahali panapouma.

"Anayeishi nyumba hii anaitwa nani?"

"Leokadia," mzee akasema.

Edina akafumbua mdomo kusahihisha, akaufumba.

"Asante. Nimefurahi kukufahamu, Leokadia," wakala akasema. "Nikusaidie nini leo, Leokadia?"

Mligo alisogeza kiti chake karibu zaidi na rafu.

"Niite tena," akasema.